Neno Alilolikalia Nyanya

Wiki chache kabla ya harusi yetu, mchumba wangu aligundua kwamba katika simu yangu yeye anaitwa "Kadi za Kijani." Simu ilikuwa juu ya meza ya duka langu. Alinipigia kwa utani huku amekaa kiti cha mbele yangu, na yale maandishi yakawaka baina yetu, makubwa, kama kibao cha hoteli.

Nieleze. Ninatengeneza kadi za harusi. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuzitazama kadi za wengine na kuzichukia. Duka langu liko Makadara, nalo ni jembamba kiasi kwamba mteja akitaka kugeuka ni lazima atoke nje kwanza. Yeye alikuja mara ya kwanza kuagiza kadi za harusi ya dada yake, za rangi ya kijani, nami nikaiandika nambari yake hivyo nisije nikamchanganya na wengine. Baadaye nilipompenda nilitaka kulibadilisha lile jina. Lakini nibadilishe niweke nini? Kila nililolifikiria niliona lina kasoro. Nikaliacha kwanza, nikisubiri neno lililo sawasawa. Posa ikapelekwa, ikajibiwa, mahari ikakubaliwa, naye bado ni Kadi za Kijani.

"Hiyo ni simuni," akasema. "Na mdomoni, waniitaje?"

Nikaanza kuzipanga kadi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Nakuuliza. Tangu tujuane, umeniita nani?"

"Mimi... samahani..."

"Hilo hilo! Samahani. 'Samahani, umekula?' 'Samahani, mama hajambo?' Nyumba ikishika moto utakuja kuniokoa uanze na hodi."

Nilicheka, naye akacheka, lakini kicheko kilimwisha machoni kabla hakijamwisha mdomoni. Akaichukua ile simu, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Sikiza, Bwana Kamusi. Ijumaa ya nikahi walii wangu atakuja kuniuliza kama nimeridhia. Na mimi nitamuuliza: niridhie kuolewa na nani? Na yule aniitaye Samahani? Kabla sijatiwa hina nataka nikusikie ukiniita. Jina langu ninalo, hata daktari hulitumia. Nataka la kwako."

Akaenda zake kazini, duka la dawa la mtaa wa pili, akaniacha na kadi za watu mezani.

Mwanamume mwingine angesema "mpenzi" papo hapo, akaenda kula chakula chake cha mchana. Mimi nilifunga duka nikaanza kutafuta. Hivyo ndivyo nilivyo, na sijivunii. Niliwahi kuzichapisha upya kadi zote za mteja kwa sababu ua la upande wa kushoto lilikuwa limeinama. Mteja alipokuja nikampa kadi ya zamani na kadi mpya, azilinganishe. Alizitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa adabu ipi kati yao ndiyo mbovu.

Basi niliyachambua maneno ya mapenzi kama mtu achambuavyo mchele. "Mpenzi" nimeliweka kwenye kadi nyingi mno. Nikilitazama siku hizi sioni mtu, naona ukubwa wa herufi. "Habibi" limechukuliwa na madereva wa tuktuk, wanamwita hilo mtu yeyote mwenye nauli. "Laazizi" ni la redio. "Mahabubu" likitamkwa vibaya kidogo lasikika kama jina la mganga wa mifupa. "Hawara," wazee wasema zamani halikuwa na ubaya mkubwa, lakini leo ukimwita binti wa watu hivyo hapa Mji wa Kale utatafutiwa daktari wa meno. Na "mchumba" lina tarehe ya mwisho kama maziwa: ikisomwa nikahi tu, limeharibika.

Neno nililolitaka lilikuja kwa dirisha.

Ninaishi na nyanya yangu, mzaa mama, ghorofani katika nyumba ya Mji wa Kale ambayo ngazi zake zimesimama wima kama zataka kukusukuma chini. Nyanya miguu yamsumbua, kwa hivyo sokoni haendi. Soko ndilo linalomjia. Ana kikapu chenye kamba ndefu. Hukiteremsha dirishani, muuzaji akatia bidhaa, nyanya akakipandisha, akakagua, na mara nyingi akakiteremsha tena na matusi ya heshima. Siku hiyo chini alikuwepo muuza samaki na baiskeli yake.

"Changu hawa, bibi! Wa leo hii!"

"Leo ya lini?" nyanya akamjibu, kichwa kizima nje. "Tazama mato yake, yamelala. Hata marehemu aliyekuwa akiniita nyonda hakuwahi kuniletea changu mwenye mato kama haya!"

Nilikuwa mezani nikila mbaazi. Kijiko kikasimama.

"Nyanya, alikuwa akikuita nani?"

"Nani?"

"Babu. Umesema alikuwa akikuita nyonda."

"Hukusikia," akasema nyanya, akafunga dirisha. Muuza samaki alibaki chini akiita, "Bibi! Kikapu chenu!"

Kamusi yangu kuukuu ililijua neno hilo, lakini haikulieleza sana. Iliandika: mpenzi, na mbele yake kialama cha kuonyesha kwamba ni neno la kale. Basi. Mimi nilikuwa kama mtu aliyefungua sanduku la babu yake akakuta kanzu ambayo mende hakuigusa. Neno safi. Hakuna dereva wa tuktuk aliyewahi kuniita kwalo. Halijapita dukani kwangu hata kwenye kadi moja. Tena lilikuwa la nyumbani kwetu. Nikamwendea nyanya jikoni, ambako alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Nyanya, lile neno, nataka kulitumia."

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe si alikwishafariki, Mungu amrehemu?"

"Aliyelisema ndiye aliyefariki. Aliyeitwa yuko hapa, akuna nazi."

Nikamweleza kisa chote cha Kadi za Kijani na hina na walii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaacha kukuna, akajifunga leso kiunoni kama mtu aendaye kugombana, akaenda dirishani na kulifungua tena.

Hapa nieleze jambo ambalo kwetu kila mtu analijua: nyanya ni mke wa mjukuu wake. Tangu niko mchanga nyanya alikuwa akiniita mume wangu. Nikirudi chuoni nina vumbi aliniuliza ni mwanamke gani aliyenivuruga hivyo. Kwa hivyo majirani hawakushangaa hata kidogo waliposikia sauti yake juu ya uchochoro.

"Enyi watu! Njooni muone! Mume wangu aniolea mke mwenza, na sasa ataka kumpa na vitu vyangu!"

"Usikubali, bibi!" likajibu dirisha la ng'ambo.

"Sikubali! Anitaliki kwanza!"

Akafunga dirisha, akarudi kwenye nazi, akitabasamu peke yake. Nikamwuliza kama asema kweli. Akasema talaka haina mzaha.

Mtu mwingine angecheka akangoja. Mimi sikungoja, kwa sababu wasiwasi wa pili ulikuwa umekwisha kunishika. Hata nikipewa neno, nitampaje mwanamke neno nisilojua lilikotoka? Huwezi kumvisha mtu nguo ambayo hujui ilivaliwa na nani. Alasiri ile nikaenda kwenye benchi la kahawa lililo karibu na duka langu, ambako wanaume wa makamo hukaa wakapasua mambo ya dunia. Nikauliza kwa sauti ya mtu ambaye jambo halimhusu: "Neno nyonda asili yake nini?"

Ingekuwa bora ningemwaga kahawa.

"Hilo ni wazi," akasema fundi wa milango, ambaye kwake kila jambo ni wazi. "Wazee wetu hawakusema kuonja, walisema kuonda. Nyonda ni yule uliyemwonda ukamjua utamu wake."

"Astaghfirullahi," akasema mwalimu wa madrasa aliyestaafu. "Kuonda ni kukonda! Mtu apendapo hali, halali, mwili wamwisha. Nyonda ni yule akukondeshaye."

"Kukonda kwa mapenzi? Nitazame mimi," akasema muuza viungo, ambaye benchi lilikuwa limeinama upande wake. "Nina wake wawili."

"Weye wala chakula cha nyumba mbili! Si hoja hiyo."

"Lugha si chakula, mwalimu," akajibu muuza viungo.

"Wewe ndiwe uliyesema kuonja!" fundi akaingilia, akiwa amesahau kwamba aliyesema ni yeye.

Muuza kahawa akasema kwamba maneno yote asiyoyajua yeye yalitoka Hadhramaut, kwa hivyo na hili pia. Wote watatu wakamgeukia. Walibishana mpaka vikombe vikapoa, mwalimu akachora kwa kidole hewani, fundi akaapa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi nikawa naandika upesi upesi nyuma ya kadi iliyoharibika. Ilipoadhiniwa wakasimama bila kukubaliana, na ndipo muuza viungo akanigeukia kwa upole.

"Kwani wewe, kijana, wataka kumwita nani?"

Nilikimbia. Haikusaidia. Mji wa Kale habari haitembei, huruka juu ya mapaa, na nilipofika nyumbani nyanya alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Umelipeleka neno langu barazani?"

"Niliuliza asili yake tu, nyanya."

"Likashikwashikwa na wanaume, na mikono yao ina halua?"

"Nyanya..."

"Mwanamume mwenye wake wawili amesema neno ambalo babu yako hakulitoa hata nje ya nyumba hii! Basi. Silitoi. Nitazikwa nalo."

Mara hii hakwenda dirishani. Nikajua si utani wote.

Siku zilienda. Kila asubuhi mchumba wangu alipita mlangoni mwa duka akielekea kazini, akasimama, akangoja. Nami nikasema, "Umeamkaje?" Yeye akasema, "Nani?" Kisha akaenda zake. Hina ikakaribia. Nilijaribu kukaa mbele ya kioo na kusema "mpenzi," kwa kukata tamaa, lakini nilijiona kama muuza duka amwambiaye mteja karibu tena.

Nikafanya nijualo kufanya. Nikatengeneza kadi. Ilikuwa kadi ya talaka, ya kwanza na natumai ya mwisho kutoka dukani kwangu: karatasi nzito, pembe za dhahabu, mayungiyungi kila upande, hakuna lililoinama. Niliandika kwamba mimi, mjukuu na mume wa utani, ninamwacha mke wangu wa tangu utotoni kwa heshima na majuto, na kwamba kiinua mgongo chake ni doti ya leso, halua, na haki ya kunitukana milele. Kabla ya kuichapisha niliingiwa na hofu kwamba huenda ni dhambi. Nikamwendea ustadhi mmoja nikamwuliza hukumu ya mtu anayetoa talaka kwa nyanya yake. Aliniuliza kama ninapata usingizi wa kutosha. Nikaichapisha. Nikaona nafasi baina ya mistari haiko sawa, nikaichapisha tena.

Nikaipeleka siku moja kabla ya siku ya hina, baada ya sala ya alasiri. Nilipopanda ngazi nilisikia sauti mbili. Mchumba wangu alikuwa amekuja kumletea nyanya dawa ya kuchua magoti, hiyo ndiyo sababu waliyoambiwa watu wa kwao. Amekaa kwenye mkeka, miguu ya nyanya juu ya mapaja yake, anamchua.

"Kwa hivyo ndiwe mke mwenzangu," nyanya alikuwa akisema. "Umekuja kupima chumba?"

"Nimekuja tugawane, nyanya, tusije tukagombana. Nguo zake chafu chukua zote. Mimi niachie mshahara."

"Mshahara upi?"

Wote wawili wakanitazama. Walikuwa wamekwisha kupendana, nami nilikuwa ndio kwanza navua viatu.

Nikatoa ile kadi. Nyanya herufi hizi hazisomi, yeye husoma zile za madrasa, kwa hivyo akampa mchumba wangu asome. Alisoma kwa sauti ya kadhi. Alipofika kwenye haki ya kunitukana milele nyanya alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Mayungiyungi!" akasema alipopata pumzi. "Mimi naachwa na mayungiyungi! Harusi yangu yenyewe haikuwa na kadi." Akajifuta macho. "Haya, keti. Wataka asili. Barazani wamekupa asili?"

"Wamenipa kama tatu."

"Watupe zote. Sikiza."

Nilitoa kalamu. Akaitazama ile kalamu mpaka nikairudisha mfukoni.

"Tulipooana tulikaa humu humu. Sisi juu, mamake tini. Zama zile mume kumtaja mkewe jina mbele ya mamake ni kama kutoka nje bila kanzu. Basi babu yako akitaka kuniita apiga makofi. Pa! Pa! Kama aita muuza kahawa. Nikamwambia, bwana, mimi kahawa siuzi. Akaacha makofi, akawa akohoa. Akikohoa tu, mamake ampandishia tangawizi."

"Maskini," akasema mchumba wangu.

"Maskini nini, tangawizi alikunywa hata akazoea. Siku moja yumo chooni aoga. Kichwa kizima sabuni, maji yamemwisha. Apiga makofi, mikono yateleza, haitoi sauti. Akohoa, asikia mamake huyo yuaja na tangawizi, apanda ngazi! Na yeye yu uchi, mato yamwaka. Hapo ndipo alipopiga ukelele nyumba nzima ikasikia: Nyonda! Maji!"

"Alilitoa wapi?" nikauliza.

"Alilisikia kwa waimbaji harusini. Hata maana hakuwa na hakika nayo. Usiku aliniuliza mimi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia maana yake ni mwanamke aletaye maji." Akacheka kidogo, polepole, akitazama mlango wa choo. "Tangu siku ile hakuniita lingine, mpaka alipokuwa hana tena sauti ya kuita. Basi asili ndiyo hiyo. Sabuni."

Mchumba wangu aliendelea kumchua lile goti kwa mkono mmoja.

Kisha nyanya akanyoosha kidole, si kwangu, kwake. "Neno nakupa weye. Si yeye. Yeye kazi yake ni kulitamka tu, na akishindwa, nirudishie. Haya, bwana harusi. Tamka tusikie."

Nilikuwa nimelitafuta kamusini, barazani, na kwa nyanya yangu. Nilikuwa nimelipata kwa talaka. Sasa lilikuwa pale, ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo. Nikafikiri: niseme nyonda, au nyonda wangu? Nimtazame usoni au kidogo pembeni? Sauti ipande au ishuke? Koo likakauka kama karatasi.

"Samahani," nikasema. "Maji."

Nyanya alianguka juu ya mto. "Babuye mtupu! Maji ameyataka, nyonda amemsahau!"

Mchumba wangu pia alicheka. Kisha akaishusha miguu ya nyanya taratibu, akafunika chupa ya dawa, akambusu mkono. Mimi hakunitazama ila mlangoni, alipokuwa akivaa viatu.

"Kesho natiwa hina," akasema, bila hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Akateremka.

Nilibaki nimesimama na kadi ya talaka mkononi. Nyanya aliacha kucheka.

"Simu yake," akasema. "Ameisahau mkekani. Mkimbilie, na usirudi bila kumwita!"

Niliteremka zile ngazi kwa namna ambayo siipendekezi kwa mtu. Uchochoroni sikumwona. Kwa bumbuazi nikatoa simu yangu nikampigia, nayo ile simu yake ikalia katika mkono wangu mwingine. Kiooni palikuwa na jina aliloniandikia mimi: "Msumbufu Wangu." Nilisimama pale katikati ya njia, watu wakinipita, nikilisoma. Halikuwa neno la kale. Halikuwa hata na utafiti. Alikuwa ameliandika tu, pengine alipokuwa akingoja mteja atoe karatasi ya daktari.

Nikakimbia.

Nilipotokea Makadara nilimwona ng'ambo ya barabara, mguu mmoja umekwisha ingia kwenye tuktuk ya kuelekea Bondeni. Baina yetu palikuwa na magari, mikokoteni, na watu wa jioni wanaonunua kila kitu kwa wakati mmoja. Kumwita jina? Amu yake ana duka la vitambaa pale pale, naye alikuwa amekaa kizingitini kama kawaida yake, kofia imenyooka. Kijana hapigi kelele jina la binti wa watu barabarani siku moja kabla ya hina yake, amu anasikia. Nikapiga makofi. Tuktuk tatu zikanijia mbio.

"Wapi, habibi? Panda!"

Nikakohoa, kwa nguvu zote. Mama auzaye viazi vya karai kando yangu akanitazama kwa huruma, akanitia kikombe cha maji mkononi.

Tuktuk yake ikaanza kuondoka. Sikufikiri mkazo wala sauti.

"NYONDA!"

"Abee!" akaitika mama wa viazi, kijiko juu.

"Abee!" ikaitika sauti ya kizee kutoka dirisha la ghorofani, na kichwa kikatoka kumtafuta aliyeita.

Amu akanyanyua uso. "Kijana, waita nani?"

"Viazi, amu," nikasema.

Na ng'ambo ya barabara ile tuktuk ikasimama, kichwa chenye mtandio kikachungulia nje. Mchumba wangu akanitazama kwa muda, huku mkono umeziba mdomo. Nilivuka sijui vipi. Nilipofika alikuwa ameutoa mkono, na uso wake ameupanga vizuri, kama mtu asiyejua kinachotokea.

"Samahani," akasema. "Waniita mimi?"

Nikampa simu.

"Umeniita kwa sababu ya simu?"

"Ndiyo. La."

"Basi sema bila simu."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, nimeishiwa na pumzi, na ninaamini mkazo niliuweka mahali pasipo. Dereva wa tuktuk alitazama juu, kwenye paa lake, kwa heshima. Yeye aliitika, "Abee," kama mtu ambaye miaka yote ndivyo anavyoitwa.

"Mwambie walii wangu asipoteze muda na maswali marefu," akasema. "Nimekwisha jua ni nani. Dereva, twende."

Nilirudi kumrudishia mama wa viazi kikombe chake. Alinishika mkono.

"Alikuwa yeye au mimi, mwanangu? Maana sijaitwa hivyo tangu zamani, na viazi vyangu vimeungua."

Nikanunua vile vilivyoungua vyote.

Nilipofika uchochoroni kwetu nyanya alikuwa dirishani, viwiko juu ya kizingiti, na kikapu kimekwisha teremshwa kinaningoja. Nikatia viazi. Akavipandisha, akavikagua, hakuvirudisha.

"Nasikia umelipigia ukelele Makadara nzima," akasema kutoka juu. Sikujua alikuwa amesikia kwa nani. Nilikuwa nimekuja mbio.

"Ndiyo, nyanya."

"Kuna aliyeitika?"

"Walikuwa kadhaa."

"Na wako yumo?"

"Yumo."

Alivunja kipande cha kiazi kilichoungua, akakitia mdomoni, akatafuna akitazama mbele, kule ziliko nyumba zote zinazotuzuia tusione Makadara.

"Na mimi niliitika," akasema. "Ila ni mbali, sauti yangu haikufika. Haya panda, chakula chapoa."